Theluji ya pamba haitoshi: Mweleze mtoto Krismasi za watu

Mpe mtoto yeyote wa Gredi ya Pili hapa kisiwani karatasi na penseli za rangi, kisha umwambie akuchoree Krismasi. Awe wa Kibokoni, Majengo, Tononoka au Kizingo, picha itakuwa ile ile: nyumba yenye dohani, mti wenye ncha, mzee mnene wa ndevu nyeupe, na chini kabisa theluji. Theluji! Mombasa hii, Desemba hii, kaskazi ndiyo kwanza inaanza kuvuma na wewe mwenyewe umehamia sakafuni kwa sababu godoro linachoma. Muulize ameiona wapi hiyo theluji. Atakuonyesha simu yako.

Hapo ndipo shida ilipo, na usikasirike ukitajwa. Shule zimefungwa, wazazi wako kazini au dukani, na wewe uliyemaliza kidato cha nne au uliyerudi kutoka chuo ndiye umeachiwa wadogo zako, wapwa zako, na mtoto wa jirani ambaye hakuna anayekumbuka aliingia saa ngapi. Kwa hizi wiki kadhaa wewe ndiye mwalimu, utake usitake. Unampa simu atulie, bando linaisha kwa katuni, na katuni zinamfundisha kwamba Krismasi ni sikukuu ya aina moja tu, ya watu wa baridi, yenye masanduku ya zawadi na kulungu wanaoruka. Ukiingia supamaketi unakuta pamba imetandazwa juu ya mti wa plastiki kukamilisha somo. Hatusemi ni dhambi. Ni uvivu tu, na sisi wakubwa ndio wavivu wenyewe.

Najua kuna msomaji wa Mji wa Kale ambaye keshataka kufunga ukurasa. "Kwetu hatusherehekei Krismasi, yatuhusu nini?" Subiri kidogo, yakhe. Hakuna anayekuambia usherehekee. Kujua sikukuu ya mtu na kuisherehekea ni vitu viwili tofauti. Mkristo wa Buxton anajua saa ya futari kuliko hata baadhi yetu, maana anajua viazi karai vya moto vinatoka saa ngapi na foleni inaanzia wapi. Hajafunga hata siku moja. Lakini anajua, na kwa sababu anajua hali mbele yako mchana wa Ramadhani bila kuangalia kando kwanza. Hiyo ndiyo elimu tunayoizungumzia.

Na watoto watauliza tu, hata ukikaa kimya. "Dada, huyu mzee yuwakaa wapi?" "Kwani ndiye Yesu?" "Mbona kwetu hapiti?" Hili la tatu linauma zaidi, na wanaouliza si watoto wa Kiislamu peke yao. Mtoto wa Kikristo ambaye baba yake ni kibarua wa Kilindini naye anashangaa kwa nini mzee wa zawadi anapita Nyali tu.

Basi anza na huyo mzee, maana ndiye anayewasumbua. Mwambie mtoto kwamba aliyemzaa Santa wa katuni alikuwa mtu kweli: Nikolasi, askofu wa mji wa Myra katika karne ya 4, mahali ambapo leo ni Uturuki. Si mtu wa theluji. Ni mtu wa pwani ya Bahari ya Kati, na mabaharia wamemheshimu kwa karne nyingi kama mlinzi wao. Waholanzi wanamwita Sinterklaas, watoto wao wanapata zawadi jioni ya tarehe 5 Desemba, na katika hadithi yao hafiki kwa kulungu bali kwa meli kutoka Uhispania. Kwa meli! Mtoto aliyekulia karibu na Bandari ya Kale, ambaye babu yake alimsimulia majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, hiyo ataielewa bila kuchorewa. Kaskazi yenyewe huanza kushika wakati huu huu wa mwaka. Kwa hiyo ukitaka mzee wa zawadi anayefaa Mombasa, mshushie Forodhani na mizigo yake, asihangaike na dohani ambazo hatuna.

Kisha mpe mtende. Hapa mtoto wa madrasa ana mtaji kuliko mwenzake, na pengine hajui. Katika Qurani kuna sura nzima yenye jina la Maryam, sura ya 19, na humo Maryam anashikwa na uchungu chini ya shina la mtende, anaambiwa alitikise, na tende mbivu zinamwangukia. Katika Injili ya Luka mtoto analazwa horini, na wa kwanza kuja ni wachungaji. Waislamu na Wakristo hawakubaliani kuhusu huyo mtoto ni nani, na usimdanganye mdogo wako kwamba wanakubaliana. Watoto wananusa uongo haraka. Mwambie tu kwamba hapa tunaheshimu mama mmoja kwa hadithi mbili. Mwache mtoto wa madrasa amsimulie wa Sunday school habari ya mtende, na yule amsimulie huyu habari ya hori. Nakuhakikishia utapumzika nusu saa nzima bila kuombwa simu.

Lakini Krismasi ninayoipenda kuliko zote kwa kufundishia watoto wa hapa haitoki Ulaya wala kwenye katuni. Ni ya Wagoa. Kama hujui ni kina nani, ni Wakatoliki kutoka Goa, pwani ya magharibi ya India, waliotawaliwa na Wareno toka 1510 hadi 1961. Walikuja Mombasa na Zanzibar wakawa makarani, mafundi cherehani, wapishi na wapiga picha, na wamo hadi leo, ingawa wengi walihamia Uingereza na Kanada. Nyumba ya Kigoa, Krismasi ikikaribia, ni jiko siku nzima. Wanakaanga neureo, ambazo ni vikate vya umbo la nusu mwezi vilivyojazwa nazi na sukari. Wanapika dodol kwa tui, unga wa mchele na sukari guru, wakiikoroga mpaka mkono unakufa ganzi, na ikiiva ni nyeusi, inang'aa, ukiikata utaapa ni ndugu yake halua. Wanaoka bebinca tabaka moja moja. Halafu kuna kulkul: donge dogo la unga linaviringishwa juu ya uma au kitana ili lipate mistari, linakaangwa, linapakwa sukari.

Umeshatambua? Hizo ni visheti. Ni visheti kabisa, vile ambavyo mama yako anakulazimisha kuviringisha juu ya kikwaruzo siku tatu kabla ya Idi mpaka vidole vinauma. Sijui nani alimfundisha nani, na kwa shughuli yetu haidhuru. Inatosha kwamba upande huu wa Bahari ya Hindi mikono ya watoto wa dini mbili imefanya kazi moja kwa ajili ya sikukuu mbili.

Na kuna la ziada. Wagoa hawali hizo tamutamu peke yao. Wanazipanga kwenye sinia, wanafunika kitambaa, na mtoto anatumwa kugonga mlango wa jirani. Wanaiita consoada. Sasa niambie mtoto gani wa Kuze au Mlango wa Papa hajawahi kutumwa na sahani iliyofunikwa kawa magharibi ya Ramadhani, akaambiwa "mwambie mama salaam, na usile njiani"? Na akala njiani. Ukimweleza mtoto Krismasi kwa sahani, hatahitaji tafsiri. Atakuuliza tu sahani ilirudi na nini, maana kwetu sahani hairudi tupu.

Ukimaliza na sahani, mpeleke Ethiopia, si mbali. Huko Krismasi inaitwa Genna na ni tarehe 7 Januari, kwa sababu kanisa lao linafuata kalenda yake. Wakati wewe umeshachoka na sikukuu na unatafuta pesa za Januari, wao ndiyo kwanza wanavaa nguo zao nyeupe. Kabla ya hapo waumini wanafunga siku 43 bila nyama, maziwa wala mayai. Mtoto aliyewahi kujaribu kufunga "nusu siku" ataheshimu sana hilo. Na mchana wa Genna vijana wanacheza mchezo wa magongo unaofanana na hoki, wenye jina lile lile la sikukuu. Kwa Wafilipino, ambao ni wengi miongoni mwa mabaharia wanaotia nanga hapa Kilindini, kuna taa za nyota za mianzi na karatasi ziitwazo parol, na misa tisa za alfajiri kuanzia tarehe 16 Desemba. Taa hiyo unaweza kuitengeneza na watoto kwa njiti za makuti na karatasi za rangi za Biashara Street. Haitakugharimu zaidi ya bando lile.

Na yetu? Krismasi ya Kenya nayo ni utamaduni, usiiruke. Mabasi yamejaa, nauli zimepanda, nusu ya mtaa imeenda ushago na nusu ya Nairobi imeshuka kwetu na treni kutafuta bahari. Nguo mpya za mtoto zinanunuliwa kubwa kidogo ili zifike Pasaka. Halafu mezani, kutoka Taveta hadi Kisumu, ni nini? Pilau na chapati. Mpishi wa pilau ni pwani hii. Chapati ilishuka melini kutoka India. Mkristo wa Kakamega anayesema "Krismasi bila chapati si Krismasi" anasherehekea kwa mapishi yaliyopita Mombasa kwanza. Mtoto wa Mji wa Kale akijua hilo, hatakuwa mgeni tena kwenye picha. Ana hisa.

Hata hivyo usimpikie mtoto historia tamu tupu. Wazee wengi wa huku wanasikia jina la dini ya Wazungu na kukunja uso, na wana sababu. Vasco da Gama, aliyeipa Natal jina lake kwa sababu alipita pwani hiyo Krismasi ya 1497, alifika hapa Aprili 1498, na miaka saba tu baadaye Almeida aliuteka mji huu na kuuchoma. Ngome tunayopigia selfi, iliyojengwa kuanzia 1593, ina jina la Yesu na mizinga mle mle. Wanaofuatilia asili ya maneno husema neno gereza limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelewa kwamba jina zuri liliwahi kubebwa na watu wenye bunduki. Wengine wakubwa ndio hawaelewi.

Mweleze pia upande wa pili. Anayeimba nyimbo za kengele za farasi wa theluji huku matatu yake imekwama Kengeleni, ng'ambo ya daraja la Nyali, hajui mahali hapo paliitwa kwa kengele gani. Ni ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru, yaliyoanzishwa 1875. Ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Na Zanzibar, jiwe la msingi la kanisa la Anglikana la Mkunazini, juu ya soko la watumwa lililokuwa limefungwa mwaka huo huo, liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Ibada ya kwanza ikafanyika humo Krismasi ya 1877. Saa ya mnara wake ilitolewa na Sultan Barghash, Muislamu. Hapa kwetu, kanisa kuu la Anglikana kwenye Nkrumah Road, lililojengwa kati ya 1903 na 1905, lina kuba ambalo mgeni hulidhania msikiti. Waliojenga hawakuona aibu kuazima umbo la jirani.

Kwa nini basi kazi hii tunakubebesha wewe na si shule? Kwa sababu shule haiifanyi. Kipindi cha dini kikifika, darasa linagawanyika: wa CRE huku, wa IRE kule, na wa HRE kama wapo. Kila mtoto anafundishwa yake, na hilo ni haki yake. Lakini hakuna kipindi hata kimoja cha wiki ambacho watatu hao wanaketi pamoja na kuulizana. Wanasomea ukuta mmoja miaka minane tisa, na mmoja anatoka bila kujua mwenzake anafunga kwa nini, na mwenzake anatoka akidhani Krismasi ni siku ya kuzaliwa ya Santa. Wizara ingeweza kutenga somo moja tu kwa muhula. Tumesema, na tutasema tena. Hadi hapo, kuna wewe na baraza la nyumba yenu.

Nafasi hiyo ikiachwa wazi, haibaki wazi. Unakumbuka, au umesimuliwa, Agosti 2012, baada ya kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo: vijana wa rika lako waliingia barabarani na makanisa kadhaa hapa Mombasa yakavamiwa. Hasira ya mauaji yale ilikuwa na chanzo chake. Lakini kanisa halikumuua mtu, na aliyelirushia jiwe alikuwa ameshafundishwa na mtu fulani, mahali fulani, kwamba jengo lile na watu wake ni adui. Ninachotaka kujua ni alichokuwa amefundishwa kabla ya hapo, akiwa na miaka saba. Nadhani hakufundishwa chochote.

Sasa linganisha na basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi, basi kutoka Nairobi lilivamiwa karibu na El Wak na wanamgambo waliotaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Kina mama walikuwa wameshawapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Waliwaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi pale na kufariki Januari iliyofuata. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, ikateuliwa kuwania tuzo za Oscar mwaka 2018. Na mwaka ule wa 2015 Maulidi iliangukia mkesha wa Krismasi; Mfunguo Sita na Desemba zilikutana wiki ile ile. Ukiniuliza ni kisa gani cha Krismasi kimezaliwa Kenya na kinastahili kusimuliwa watoto kila mwaka, nitakupa hiki, na sitakuongezea cha pili. Punguza risasi kulingana na umri wa msikilizaji. Usipunguze wale kina mama.

Kuna jambo jingine la kalenda. Sikukuu za Kiislamu hutembea, zinarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Waliokuwa wakubwa mwaka 2000 wanakumbuka Idi iliyokuja siku mbili tatu baada ya Krismasi. Kwa hesabu za kalenda, Ramadhani itaanza tena mwishoni mwa Desemba 2030, siku moja hivi baada ya Krismasi, kutegemea mwezi utakavyoandama. Fikiria Mombasa wiki hiyo: muziki wa sikukuu ufukweni, wageni wamejaa, misikiti inajiandaa kwa tarawehe, kelele za Boxing Day na watu wanaotafuta daku. Watoto unaowalea leo watakuwa na umri wa kukasirika na nguvu za kufanya kitu kuhusu hasira hiyo. Watakuwa pia na umri wa kutumwa na sahani.

Tahadhari moja, maana najua mtaa wetu. Watoto si wako. Kabla ya kumsimulia mtoto wa shangazi habari za dini yoyote, muulize shangazi. Akikataa, usibishane naye mbele ya mtoto. Kuna nyumba za Kiislamu na za Kilokole zenye msimamo mkali kuhusu haya, na nyumba ni ya mwenyewe. Kama inafaa au haifai kumpa Mkristo mkono wa sikukuu, wanazuoni wana kauli tofauti na hatutaiamua kwenye ukurasa wa vijana. Na wewe Mkristo, kufundisha Krismasi si nafasi ya kuvua samaki. Ukianza kumhubiria mtoto wa watu kwa kisingizio cha utamaduni, umeua kazi yote, na mwakani mlango hautafunguliwa.

Ukishapata ruhusa, wapeleke matembezi. Asubuhi mapema kabla ya jua kali, shukeni Nkrumah Road, muangalie kanisa kuu la Holy Ghost na lile lenye kuba, muulize mtoto lipi ni lipi na kwa nini amesema hivyo. Endeleeni hadi ngomeni. Kama hakuna pesa za kuingia, ukuta wa nje unaonekana bure. Kisha ingieni Mji wa Kale mpaka msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, ulio mkubwa kwa umri kuliko ngome yenyewe kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtoto akiuliza kipi kilitangulia, mwache ahesabu mwenyewe kwa vidole. Akikosea mwache arudie, muda upo, shule ni Januari. Mnunulie mabuyu, na simu iache mfukoni.